Nafaka saba, kundi moja

Watoto wengi wa Boko, Dar es Salaam, hufungua kinywa kwa uji uleule kila siku. Uji hauna kosa. Kosa ni kudhani kwamba kuongeza nafaka kwenye kiroba ndiko kubadilisha chakula.

Boko huamka mapema kwa lazima. Saa kumi na moja na nusu alfajiri kituo cha Magengeni kimekwisha kujaa watu wa Mwenge, Kariakoo na Posta, kwa kuwa atakayechelewa atakutana na foleni ya Tegeta. Huko walikotoka, kwenye nyumba za Basihaya, Dovya na Chama, kazi ya asubuhi imeshafanyika: uji umepikwa, umemiminwa kwenye chupa ya chai, na maagizo yametolewa mlangoni. "Dada, akiamka mwogeshe, mpe uji. Saa nne mpe tena." Mtoto wa miezi tisa atakunywa uji huo leo, kesho na keshokutwa, na pengine ataendelea nao mpaka aanze chekechea.

Haraka hiyo ina mizizi yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini anaruhusiwa muda usiozidi saa mbili kwa siku kwa ajili ya kunyonyesha. Kwa anayefanya kazi Posta na kulala Boko, muda huo unaishia barabarani. Siku 84 hazifiki hata miezi mitatu, wakati chakula cha nyongeza huanza mtoto akitimiza miezi sita. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za huku, anayeshika kijiko siku mtoto anapoanza kula si mama, ni dada wa kazi au bibi.

Uji unawafaa wote hao. Hauhitaji kutafunwa, haumwagiki ovyo, na unapikwa mara moja ukatosha milo miwili. Basi mama anayetaka mtoto wake asile kitu kimoja kila siku huenda kutafuta mabadiliko palepale alipozoea, yaani kwenye unga.

Ndani ya kiroba

Pita dukani, gengeni au kwenye mashine ya kusaga, hutakosa unga wa lishe. Ndani yake mna mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele na shayiri, kisha soya na karanga. Sifa inayotangazwa ni idadi. Wa nafaka tano unaonekana bora kuliko wa tatu, na wa saba unawashinda wote. Wapo wanaonunua nafaka zao, wakazichagua na kuziosha wenyewe na kuzipeleka mashineni, wakiamini kila kopo linaloongezwa ni kinga nyingine kwa mtoto.

Hesabu ya wataalamu ni tofauti. Shirika la Afya Duniani na UNICEF hupima mlo wa mtoto wa miezi 6 hadi 23 kwa makundi manane: maziwa ya mama; nafaka, mizizi na ndizi za kupika; mikunde, karanga na mbegu; maziwa ya wanyama na mazao yake; nyama, samaki na maini; mayai; matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi; na matunda na mboga nyinginezo. Mtoto anahesabiwa kuwa amekula mlo mseto akipata angalau makundi matano kwa siku.

Sasa kipime kile kiroba. Mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele na shayiri vyote vinaingia kundi moja. Soya na karanga zinaongeza la pili, na kama mtoto bado ananyonya, maziwa ya mama ni la tatu. Hata akinywa vikombe vitatu vya uji huo toka asubuhi hadi jioni, bado anadai makundi mawili. Nafaka moja, kijiko cha karanga zilizosagwa, yai na kipande cha papai, pamoja na maziwa ya mama, vinafikisha matano kabla ya saa nne asubuhi.

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania (TFNC), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, imekuwa ikiwaeleza wazazi jambo hilohilo: nafaka moja au mbili zinatosha, na karanga au soya zisisagwe humohumo na kuwekwa kwa wiki kadhaa. Sababu mojawapo ni mafuta. Karanga iliyosagwa huchacha upesi, na unga uliochanganywa nayo huharibika kabla ya unga mtupu. Soya nayo, isipopikwa au kukaangwa vizuri, ina viambata vinavyozuia mwili kusaga protini.

Sababu nyingine ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliwafanya watu 68 waugue katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki. Hayo ni madhara ya dozi kubwa. Dozi ndogo ya kila siku haina kelele. Mtafiti Martin Kimanya na wenzake walipofuatilia watoto wachanga wilayani Rombo, katika utafiti uliochapishwa 2010, waliona kwamba waliokuwa wakila sumu ya kuvu aina ya fumonisini kwa wingi kupitia mahindi ya uji wao walikuwa wafupi kuliko wenzao. Mtoto anayekula mahindi peke yake kila asubuhi huyala pamoja na kila kilichomo ndani yake. Anayebadilishiwa, leo mahindi, kesho kiazi, keshokutwa ndizi, anapunguziwa hatari hiyo bila mzazi kuhitaji maabara.

Shibe na lishe

Takwimu za taifa za mwaka 2022 zilionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka 34 katika utafiti wa 2015/16. Mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, na Iringa zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wamedumaa. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi kwa mahindi. Ghala lililojaa nafaka halikuwakinga, kwa sababu mtoto anaweza kushiba kila siku na bado akakosa chuma, zinki na vitamini.

Chuma ndicho cha kutazamwa kwanza. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huja na akiba inayomtosha takribani miezi sita. Ikiisha, maziwa ya mama hayawezi kuifidia peke yake, na chuma kilicho ndani ya nafaka hakinyonywi vizuri mwilini. Tangu mwaka 2013, serikali ilipozindua mpango wa kurutubisha vyakula, unga wa viwanda vikubwa umekuwa ukiongezewa chuma, zinki na asidi ya foliki. Unga wa mashine ya mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 nao unataka mtoto wa umri huu ale nyama, samaki au yai kila siku, siyo sikukuu kwa sikukuu.

Yai lina tafiti mbili za kupendeza. Nchini Ecuador watoto wa miezi sita hadi tisa walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha udumavu ulipungua kwa karibu nusu. Watafiti wakaurudia utaratibu huohuo Mangochi, Malawi, pembeni mwa Ziwa Nyasa, chini ya mradi ulioitwa Mazira. Huko urefu wa watoto kwa jumla haukubadilika kwa kiasi cha kutajika. Maelezo mojawapo ni kwamba watoto wa Mangochi walikuwa wakila samaki mara kwa mara tangu awali. Yai linamfaa zaidi yule ambaye kikombe chake hakikuwa na kitu cha aina hiyo.

Boko ina bahati ya vyote viwili. Kuku wa mayai wanafugwa nyuma ya nyumba nyingi za huku pembezoni, na samaki wanashushwa Ununio na Kunduchi, mwendo mfupi tu. Dagaa wakavu, wa Mwanza au wa pwani, wakichambuliwa, wakaoshwa, wakakaushwa na kutwangwa laini, wanakaa kwenye kopo na kuingia katika chochote: viazi, ndizi, wali, maharage.

Uzito wa uji

Kuna jambo la pili ambalo kuongeza nafaka hakulitatui: maji. Tumbo la mtoto lina ujazo wa takribani mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, hivyo mtoto wa kilo nane hujaa kwa kikombe kimoja. Uji mwepesi wa kunywewa kwa chupa unajaza tumbo hilo na kuacha nguvu kidogo sana. Uji unaotakiwa ni ule unaong'ang'ania kijiko. Lakini uji mzito wa wanga humchosha mtoto mdogo kumeza, na mlishaji akiona anausukuma kwa ulimi, anaongeza maji.

Dawa yake ilikuwa jikoni kwa bibi zetu: kimea, unga wa ulezi uliochipuzwa, ukakaushwa na kusagwa. Mwaka 1983 Alicia Mosha na Ulf Svanberg walichapisha utafiti ulioeleza namna unga wa nafaka zilizochipuzwa unavyoruhusu kupika uji wenye nguvu zaidi kwa ujazo uleule. Nafaka inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyokata wanga. Pika uji mzito kama ugali laini, uache upoe hadi uwe wa vuguvugu, tia kijiko kimoja cha kimea na ukoroge. Ndani ya dakika chache utalegea bila tone la maji kuongezwa, na unga wote uliopika bado umo. Uchemshe tena kidogo kabla ya kumpa mtoto. Anayetumia mtama badala ya ulezi ayapukute machipukizi yote baada ya kukausha, kwani chipukizi la mtama lina sumu ya sianidi.

Asubuhi hupikwa usiku

Hakuna chakula ambacho kwa asili yake ni cha asubuhi. Wachaga huwapa watoto mtori wa ndizi na nyama, Wahaya hula katogo la ndizi na maharage kukiwa kweupe, na watu wa pwani wana bokoboko la ngano na nyama. Dar es Salaam ina watu wa kote huko, na Boko, mtaa wa waliohamia kujenga, ina majiko ya kila kabila. Kinachokosekana alfajiri ni muda, na muda unapatikana jioni, wakati chakula cha wakubwa kiko jikoni. Kabla chumvi, pilipili na viungo havijatiwa, toa cha mtoto. Kipoze, kifunike, kiweke kwenye friji, na asubuhi kipashwe hadi kitoe mvuke. Asiye na friji aache vibichi vilivyomenywa na kuoshwa, kisha vipikwe asubuhi.

Wiki inaweza kwenda hivi kwa mtoto wa kuanzia miezi tisa. Wa miezi sita hadi minane apewe vilevile, ila vipondwe laini zaidi.

Jumatatu: uji mzito wa ulezi na kijiko cha karanga zilizokaangwa na kusagwa, papai baadaye.

Jumanne: kiazi lishe, kile chenye nyama ya rangi ya chungwa, kilichopondwa pamoja na maharage ya jana yaliyochekechwa maganda, na maji ya chungwa kidogo juu yake, kwa sababu vitamini C husaidia chuma cha maharage kunyonywa.

Jumatano: mtori wa ndizi na nyama iliyosagwa, au maini ya kuku yaliyoiva sawasawa. Maini yasiwe ya kila siku. Mara moja kwa wiki yanatosha.

Alhamisi: wali uliopikwa ukalainika kwa tui jepesi la nazi, unga wa dagaa na mchicha uliokatwa laini.

Ijumaa: uji wa dona, yai moja lililopigwa likamiminwa uji ukiwa unachemka na kukorogwa hadi liive kabisa. Baadaye parachichi.

Jumamosi: katogo la ndizi na maharage, boga likipondwa humohumo.

Jumapili, mama akiwa nyumbani: samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba yote kwa vidole, na viazi mviringo. Aliyevuka mwaka apewe chapati ya maji yenye yai na karoti iliyokwanguliwa, na maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa kikombeni.

Hakuna siku inayohitaji kitu kisichouzwa gengeni au buchani. Uji haujaondolewa, umepewa zamu.

Akikataa

Dada akipeleka kijiko cha dagaa na mtoto akakunja uso, hitimisho huwa la papo hapo: hapendi. Kesho yake anarudishiwa uji wa sukari. Uzoefu wa watafiti ni kwamba mtoto huhitaji kuonja kitu kipya mara nane, kumi au zaidi kabla ya kukizoea. Kukunja uso ni mshangao wa ulimi, na haimaanishi kwamba amekataa. Mpe kidogo, pamoja na anachokijua, rudia siku nyingine, usimlazimishe. Ladha huanza hata kabla ya kijiko. Julie Mennella na wenzake wa Philadelphia walionyesha mwaka 2001 kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakiwa wajawazito au wakinyonyesha waliipokea karoti kwa uso mkunjufu zaidi. Mama anayekula mlenda na dagaa ameshamfungulia mwanawe mlango.

Daktari Clara Davis wa Chicago aliwahi kwenda mbali zaidi. Kuanzia miaka ya 1920, kwa miaka sita, aliwaacha watoto 15 waliokuwa ndiyo kwanza wameachishwa kunyonya wajichagulie chakula kutoka kwenye sinia, wahudumu wakikatazwa kuwashawishi. Waliweza kufungua kinywa kwa maini na maji ya machungwa, kisha jioni wakala mayai na ndizi. Walikua vizuri. Siri, Davis mwenyewe alieleza mwaka 1939, ilikuwa kwenye orodha: sinia halikuwa na sukari wala vyakula vya kiwandani. Mkubwa aamue kinachowekwa mezani, mtoto aamue kiasi.

Kwa hiyo sinia la Boko lisiwe na soda, juisi za paketi wala biskuti za kunyamazisha kilio. Chai ya rangi isiandamane na chakula, kwa sababu inazuia chuma kunyonywa. Asali isubiri mwaka mmoja, na maziwa ya ng'ombe nayo yasichukue nafasi ya maziwa ya mama kabla ya umri huo. Karanga nzima, vipande vya miwa na karoti mbichi ni hatari ya kupalia hadi mtoto apindukie miaka mitano. Karanga iwe ya kusagwa.

Ile chupa ya chai nayo inataka kuangaliwa. Uji uliopikwa alfajiri ukabaki wa vuguvugu hadi saa nne ni mazalia ya bakteria. Mlo wa kwanza uwe wa moto, umalizike, na wa saa nne uwe kitu kinachofunguliwa palepale: ndizi mbivu, parachichi, papai, yai la kuchemsha linalomenywa wakati huo. Utaona kwamba kulinda usalama wa chakula kumeshakuongezea kundi jingine bila kupika.

Kijiko anacho dada

Mengi ya haya hufundishwa kliniki. Mtoto hupimwa uzito, kadi hujazwa, mwezi wa Juni na Desemba hupewa matone ya vitamini A, na muuguzi humweleza mama kuhusu makundi ya chakula. Mama husikia, huitikia, na kesho yake alfajiri anawahi gari Magengeni. Aliyebaki na mtoto hakuwapo kwenye somo. Alichoachiwa ni chupa ya chai na maneno mawili, "mpe uji", na akifanya hivyo hajakosea chochote.

Njia rahisi ya kubadilisha asubuhi ya mtoto ni kwenda na dada kliniki siku ya kupima, akasikie mwenyewe, aulize, na aonyeshwe uji unaong'ang'ania kijiko ukoje. Kwenye vituo vya afya, wauguzi nao wamkaribishe kama mlishaji, badala ya kumwacha nje ashike mkoba. Jioni, mama akirudi, asiishie kuuliza kama mtoto amekula. Aulize amekula nini na nini. Dada akijibu kwa kutaja vitu vitano, mama ameutumia vizuri mshahara wake. Akitaja uji tu, kuna maharage jikoni ambayo bado hayajatiwa chumvi.